Nani Aliyelipa? Habari za Hila katika Hadithi na Sinema



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za vitabu na masomo yafaayo nyumbani na shuleni. Mwezi huu twataka kunena habari ya hila, yaani jinsi wadanganyifu wanavyosimuliwa katika hadithi, katika michezo ya kuigiza, na katika picha za sinema. Wazazi wengi na walimu wengi hushindana juu ya jambo hili. Wengine husema ya kuwa hadithi za Sungura na za Abunuwasi zawafundisha watoto ujanja, kwa hiyo heri ziachwe. Wengine husema ya kuwa hadithi ni mchezo tu, wala hapana mtoto aliyekuwa mwizi kwa kusikia habari za Sungura. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimesahau swali moja, nalo ndilo tutakaloliuliza leo katika kila hadithi: Nani aliyelipa?

Maana hila haiwi bure. Mtu akidanganywa, iko mali, au heshima, au uhai, iliyotoka mkononi mwake. Msimulizi aweza kutuonyesha mkono ule uliotoa, tena aweza kutuficha. Kwa jambo hili moja twaweza kupima hadithi nyingi, za zamani na za sasa.

KIMA, PAPA, NA PUNDA WA DOBI

Tuanze kwetu. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Unguja aliyefanywa askofu baadaye, alitoa huko London kitabu cha hadithi za Kiswahili kama alivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Mojawapo ni kisa cha punda wa dobi, na wengi wenu mmekisikia tangu utoto, hata kama hamkukisoma.

Kima na papa walikuwa marafiki. Kima alikaa juu ya mkuyu uliosimama kando ya maji, akila kuyu na kumtupia papa chini. Siku moja papa akamwalika kima kwenda kwao, akamchukua mgongoni. Walipofika kati ya bahari, papa akamfunulia neno: sultani wao ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akafikiri, akajibu ya kuwa ni hasara kubwa kwamba hakuambiwa mapema, maana kima wakienda safari huacha mioyo yao mitini. Papa akasadiki, akamrudisha. Kima akapanda juu ya mkuyu, akatulia. Na papa alipomwita, akamwuliza kama anamdhania kuwa ni punda wa dobi.

Ndipo anaposimulia kisa cha pili ndani ya kile cha kwanza. Punda wa dobi alitoroka akaingia mwituni, akanenepa. Sungura akamwona, akaenda kwa simba aliyekuwa amekonda kwa ugonjwa, akamwahidi nyama. Kisha akamrudia punda kwa maneno matamu, akimwambia ya kwamba simba ataka kumposa. Punda akafurahi, akafuatana naye. Simba akamrukia, wakapigana, punda akamshinda kwa mateke akakimbia. Siku zikapita, simba akapata nguvu, Sungura akamwendea punda mara ya pili. Punda akasema ya kuwa mara ile aliingiwa na hofu. Sungura akamweleza ya kuwa hiyo ndiyo desturi ya simba, ndivyo azungumzavyo. Punda akaenda tena, akafa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri, na simba alipouliza, akajibiwa ya kuwa punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Kama angalikuwa navyo, asingalikuja mara ya pili.

Angalieni, wasomaji: katika hadithi moja ziko hila mbili. Kima amedanganya ili aokoe uhai wake, na papa hakulipa kitu illa safari ya bure. Sungura amedanganya ili apate nyama, na punda amelipa kwa uhai wake. Mtoto akizicheka zote mbili kwa kicheko kimoja, hajaisikia hadithi bado, naye ahitaji mtu mzima wa kumwuliza: Je, nani aliyelipa hapa, na nani aliyelipa pale?

Tena angalieni kilichomrudisha punda kwa simba. Ushahidi alikuwa nao, maana alikwisha rukiwa, akapigania roho yake. Lakini alitamani ile posa. Na mwenye kutamani akipewa maelezo dhaifu huyapokea kama yenye nguvu, mradi yampe ruhusa ya kuendelea kutamani. Wazee waliosimulia kisa hiki walijua ya kwamba mdanganyifu hafanyi kazi yote peke yake. Nusu ya kazi hufanywa na yule anayedanganywa, kwa tamaa yake au kwa hofu yake.

Kisa hiki kimesafiri mbali. Asili yake ni Bara Hindi, katika kitabu kiitwacho Panchatantra; kikaingia Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Katika Kiarabu rafiki wa nyani ni kobe. Kwetu pwani amekuwa papa. Mnyama amebadilika, lakini moyo ulioachwa mtini na punda aliyerudi mara ya pili havikubadilika. Watu wa lugha nyingi wamejitambua ndani ya punda yule.

MBUZI NA VAZI

Habari ya Yakobo mwaijua vema, nayo ni mfano wa masimulizi yasiyomficha aliyelipa. Yakobo alimdanganya baba yake aliyepofuka, kwa ngozi za wana-mbuzi na kwa mavazi ya ndugu yake. Mwandishi hamfuati Yakobo peke yake anapotoka na baraka. Hukaa chumbani, akatuonyesha mzee Isaka akitetemeka alipotambua yaliyotendeka, na Esau akilia. Baadaye Labani akambadilishia Yakobo bibi arusi. Na mwisho wanawe mwenyewe wakamletea vazi la Yusufu lililochovywa katika damu ya mbuzi, naye akasadiki, akaomboleza. Mbuzi na vazi alivyovitumia kwa baba yake vimerudi mlangoni pake. Hapana neno la kueleza jambo hili katika habari yenyewe. Mbuzi na vazi vimetajwa mara mbili tu, na msikilizaji ameachiwa kuona.

NGUO ISIYOONEKANA

Tumesema ya kuwa mdanganywa hufanya nusu ya kazi kwa tamaa au kwa hofu. Twajua hadithi moja ya Ulaya iliyoonyesha hofu hiyo vema kuliko nyingine, nayo ni ile ya mfalme na wafumaji.

Mwaka 1335 mkuu mmoja wa Hispania, jina lake Don Juan Manuel, alimaliza kitabu cha mifano kiitwacho El Conde Lucanor. Mfano mmojawapo wasema hivi: watu watatu walimjia mfalme, wakadai ya kuwa wajua kufuma nguo ambayo hawezi kuiona mtu asiye mwana wa kweli wa yule aitwaye baba yake. Mfalme akafurahi, akaona ya kuwa kwa nguo hiyo atawajua wasio wana halali katika nchi yake, na mali zao azichukue, maana kwa sheria ya nchi ile wasio wana halali hawarithi. Ndiyo tamaa. Kisha alipoingia kutazama nguo asiione, aliogopa ya kuwa watu watasema yeye si mwana wa mfalme aliyemtangulia, naye atapoteza ufalme. Ndiyo hofu. Basi akaisifu nguo; mawaziri wakaisifu; na siku ya sikukuu akapanda farasi uchi. Aliyesema kweli ni mtumishi mmoja mweusi, mtunza farasi wa mfalme. Mwandishi atoa sababu: mtu huyo hakuwa na kitu cha kupoteza, kama ni mwana wa huyu au wa yule, kwake ilikuwa mamoja.

Karne 5 baadaye, mwaka 1837, Hans Christian Andersen wa Denmark aliisimulia upya hadithi hii. Wafumaji wake ni wawili, na nguo yao haionekani kwa mtu asiyestahili kazi yake au aliye mjinga mno. Mfalme amtuma kwanza waziri wake mzee, mtu mwaminifu. Mzee akafungua macho sana, asione kitu, akajiuliza moyoni kama yeye ni mjinga, kama hafai kwa kazi yake. Akaenda kusema ya kuwa nguo ni nzuri. Aliyesema kweli safari hii ni mtoto mdogo. Inajulikana ya kuwa Andersen aliongeza habari ya mtoto mwishoni, kitabu kilipokuwa kikipigwa chapa; kwanza hadithi yake iliisha bila mtoto.

Wengi hukumbuka sauti ya mtoto, wakasahau mambo mawili. La kwanza, waziri mzee hakuwa mtu mbaya. Andersen asema wazi ya kuwa alikuwa mwaminifu. Uaminifu wake haukumwokoa, kwa sababu aliona haya kukiri ya kuwa haoni. La pili, baada ya watu wote kupaza sauti, mfalme hakurudi nyumbani. Alijinyosha akazidi kwenda kwa maringo, na watumishi nyuma wakishika pindo lisilokuwapo. Haya ilimwingiza katika hila, na haya hiyo hiyo ikamzuia kutoka.

Basi tukiuliza nani aliyelipa, jibu ni mfalme, kwa hariri na dhahabu na heshima yake. Lakini tukiuliza nani aliyefuma nguo, jibu ni watu wote waliosifu, kila mmoja kwa uzi wa hofu yake mwenyewe.

MNAFIKI NYUMBANI MWA TAJIRI

Katika michezo ya kuigiza, tumechagua mmoja unaoihusu nyumba ya watu wa dini kuliko mingine yote. Ni Tartuffe wa Molière, Mfaransa. Ulichezwa mara ya kwanza mwaka 1664 huko Versailles mbele ya mfalme Louis wa 14. Mara ukapigwa marufuku, kwa kuwa wengi walidhani waidhihaki dini. Mwaka 1667 ulijaribiwa tena ukazuiwa, na askofu mkuu wa Paris akakataza watu wake wasiutazame wala kuusoma. Hata mwaka 1669 ndipo ulipopata ruhusa.

Orgon ni tajiri wa Paris, mwenye mke wa pili aitwaye Elmire, na mwana, na binti. Amemwona Tartuffe kanisani akipiga magoti na kuugua kwa sauti, akamleta nyumbani akamfanya kama kiongozi wa roho yake. Siku moja Orgon arudi kutoka safari, amwuliza mtumishi habari za nyumbani. Mtumishi amweleza jinsi bibi alivyoshikwa na homa. Orgon auliza habari za Tartuffe. Mtumishi asema ya kuwa Tartuffe amekula vizuri, amelala vizuri. Orgon amhurumia Tartuffe. Hivyo mara nne, na kila mara watazamaji hucheka, lakini ni kicheko chenye uchungu. Kisha Orgon ataka kumwoza binti yake kwa Tartuffe, ingawa alikwisha mposwa na mwingine. Mwanawe amshitaki Tartuffe ya kuwa amemtongoza Elmire. Orgon amfukuza mwanawe, naye aandika hati ya kumpa mgeni nyumba na mali yote. Hata mwisho Elmire amficha mumewe chini ya meza, ili asikie kwa masikio yake mwenyewe maneno ya mtakatifu wake. Ndipo anaposadiki. Lakini hati imekwisha andikwa, na Tartuffe amwamuru atoke katika nyumba. Kama askari wa mfalme asingalikuja kumkamata mdanganyifu, jamaa yote wangalilala njiani.

Mambo mawili ya ufundi wa mchezo huu yanafaa kwetu. Kwanza, Tartuffe haonekani jukwaani mpaka sehemu ya tatu katika sehemu tano. Sehemu mbili nzima twamwona Orgon na nyumba yake tu: mke asiyesikilizwa, binti anayelia, mwana mwenye hasira. Kabla hatujamwona mdanganyifu tumekwisha waona wanaolipa. Pili, Molière mwenyewe alicheza nafasi ya Orgon. Hakuchukua nafasi ya yule mjanja. Alichukua ya yule aliyedanganywa.

Wale waliouzuia mchezo waliogopa ya kuwa watu wakiona mnafiki amevaa dini, wataidharau dini yenyewe. Molière alijibu ya kuwa amefanya bidii kutenga mnafiki na mcha Mungu wa kweli, na ndani ya mchezo ameweka ndugu wa Elmire anenaye jambo hilo kwa akili. Sisi twadhani jibu lake ni jema. Fedha ya bandia haionyeshi ya kuwa fedha halali ni uongo. Yaonyesha ya kuwa fedha halali ina thamani, hata watu wataka kuiiga. Nyumba iliyokwisha kuujua mchezo huu yaweza kuheshimu dini na kumwuliza mgeni maswali siku ile ile.

JICHO LA SINEMA

Sasa tuje kwa sinema. Mwaka 1925 Mjerumani F. W. Murnau aliufanya mchezo huo huo wa Molière kuwa picha isiyo na sauti. Akauzungushia habari nyingine: mzee mmoja atunzwa nyumbani na mtumishi mwanamke amdanganyaye kwa upole mwingi, hata ataka kumnyima mjukuu wake urithi. Mjukuu ni mwigizaji. Ajibadilisha sura, aja mlangoni kama mtu anayetembeza sinema, awaonyesha wote wawili picha ya Tartuffe ukutani. Kwa njia hiyo mzee afunguliwa macho. Mambo mengine katika picha hiyo yamepitwa na wakati, lakini maana yake ni safi: hadithi iliyochaguliwa kwa hekima yaweza kusema nyumbani neno ambalo jamaa hawawezi kulisema uso kwa uso.

Lakini sinema ina nguvu ya kutuvuta kwa upande wowote. Katika kitabu tunaweza kusimama na kufikiri. Katika sinema jicho hufuata uso ulioonyeshwa. Mtengenezaji wa picha akituonyesha uso wa mjanja tu, tutampenda mjanja. Tutaje picha mbili.

Ya kwanza ni The Sting, ya Marekani, mwaka 1973, iliyotengenezwa na George Roy Hill. Waigizaji wakuu ni Paul Newman na Robert Redford. Habari yake ni ya mwaka 1936, hasa mji wa Chicago. Ayari wawili wafanya duka la bandia la kuchezea kamari ya farasi, na watu wote waliomo ndani, makarani na wachezaji, ni wenzao, ili wamnyang'anye mtu mmoja fedha nyingi. Picha hiyo ilipata tuzo 7 za Oscar, na kwa haki, maana ufundi wake ni mkubwa. Hata mtazamaji adanganywa mwishoni, akafurahi kudanganywa. Walakini tuangalie jinsi ilivyotunyamazisha tusiulize nani aliyelipa. Anayelipa ni jambazi tajiri, mwuaji, ambaye alimwua rafiki yao. Msimulizi amechagua mdanganywa ambaye hatuwezi kumhurumia. Hii ndiyo njia ya karibu kila hadithi inayotaka tumshangilie laghai: kwanza humfanya mdanganywa kuwa mtu mbaya, kisha hutupa ruhusa ya kucheka. Katika maisha, ayari hachagui hivyo. Jambazi ana silaha na wenzake, mjane hana.

Ya pili ni Il bidone, ya Italia, mwaka 1955, iliyotengenezwa na Federico Fellini. Augusto na wenzake ni walaghai wadogo, nao huvaa kanzu za mapadre. Wafika shambani kwa maskini, waeleza ya kuwa mwuaji mmoja aliyetubu alizika humo mifupa ya mtu na hazina. Wachimba, na kweli vyaonekana, kwa sababu wao wenyewe walivizika. Hazina itakuwa ya mwenye shamba, wasema, lakini hana budi kulipa kwanza fedha za misa nyingi kwa ajili ya marehemu. Maskini watoa walicho nacho. Siku nyingine walaghai wajifanya maofisa wa serikali wanaogawa nyumba, wakusanya malipo ya kwanza kwa watu wanaokaa vibandani. Mwanzoni picha yatuweka ndani ya gari pamoja nao, na sisi twakaribia kucheka. Lakini Fellini hageuzi jicho lake. Twaziona nyuso za wale wanaokimbilia nyumba isiyokuwapo. Na mwishoni Augusto, katika kanzu ya padre, azungumza na binti mmoja aliyepooza miguu, ambaye wazazi wake wamekwisha kumkabidhi fedha zao. Binti huyo amwomba baraka. Augusto awaambia wenzake ya kuwa alishindwa, ya kuwa amezirudisha fedha. Nasi kwa dakika moja twasadiki. Wenzake wampiga, wampekua, wazikuta fedha katika kiatu chake. Wamwacha juu ya mawe ya mlima, mgongo umevunjika, naye afa peke yake.

Picha zote mbili zamdanganya mtazamaji mwishoni. Ya kwanza yatuacha tukitabasamu. Ya pili yatuacha na haya, kwa sababu tumetambua jinsi tulivyotaka kumsadiki yule padre wa uongo. Hatusemi ya kwanza isitazamwe. Twasema anayeitazama ajue ya kuwa ameketishwa upande mmoja wa meza, na ya kwamba upande wa pili wako watu.

MAMBO HAYA NA NYUMBA ZETU

Mtu atauliza, mfalme wa Hispania na tajiri wa Paris watuhusu nini? Wasomaji, chukueni simu mikononi mwenu. Wengi Tanzania na Kenya wamekwisha pokea ujumbe mfupi kutoka kwa mtu wasiyemjua, usemao ya kuwa ile fedha itumwe kwa namba nyingine. Aliyeupeleka hajui lolote. Ameupeleka kwa watu wengi, akitumaini ya kuwa mmoja wao, wakati ule ule, alikuwa karibu kumtumia fedha ndugu au mwenye nyumba. Maneno yake ni machache kwa makusudi. Yaliyosalia huyajaza yule anayeyapokea. Ni nguo ile ile ya mfalme, hapana kitu mtamboni. Tena wako wanaompigia mzazi simu wakisema ya kuwa mwanawe ameugua ghafula shuleni, fedha za matibabu zaletwa sasa hivi. Huyu hakuvutwa kwa tamaa. Amevutwa kwa upendo, na kwa hofu, na kwa haraka.

Na baada ya kulipa, nini hufuata? Aghalabu ni kimya. Baba aliyetuma ada ya mtoto kwa mwongo hamwambii mkewe. Mwalimu aliyenyang'anywa akiba yake hawaambii wenziwe, maana ni mwalimu, na watu watasema, Je, hata wewe? Azidi kwenda kama mfalme, amejinyosha, na pindo lisilokuwapo nyuma yake. Kwa kimya hiki mdanganyifu ampata jirani kesho yake kwa hila ile ile. Wala kimya hakileti hasara ya fedha peke yake. Kimetenga mume na mke, kimewafanya wazee kujiona wapumbavu katika nyumba walizozijenga.

Hapa ndipo hadithi inapofanya kazi ambayo onyo haliwezi. Onyo humwambia mtu asiwe mjinga. Na aliyekwisha danganywa akilisikia huzidi kujificha. Hadithi humwambia ya kuwa waziri mwaminifu alidanganywa, na Isaka, na Orgon aliyependa dini, na punda mara mbili. Yeye si wa kwanza, wala hayuko peke yake.

Basi ninyi walimu, na ninyi baba na mama, simulieni hadithi za hila bila woga, za Sungura, za Abunuwasi, na nyinginezo. Na watoto wakitazama sinema, ketini nao. Wacheni wacheke. Hadithi ikiisha, waulizeni maneno matatu. Aliyedanganywa alitamani nini? Aliogopa nini? Nani aliyelipa? Msiwape majibu. Mtoto wa miaka 7 aweza kujibu vema kuliko mnavyodhani, na pengine atawashangaza kwa kumhurumia punda.

Lipo na swali la nne, nalo ni la wakubwa. Kama mmoja wa nyumba hii angalidanganywa leo, angaliweza kutuambia jioni hii bila kuchekwa? Jibu lake halimo katika kitabu wala katika sinema. Limo katika jinsi tulivyompokea mtu wa mwisho aliyetuletea habari ya hasara yake: kama tulimwuliza kwanza alivyokuwa mpumbavu, au kama tulimvutia kiti, tukamwambia aketi, tukasikiliza. Njia ya mwongo ni fupi, wasema wazee wetu. Nayo huzidi kuwa fupi katika nyumba ambayo aliyelipa aweza kusema.